Nani Hulipia Sherehe ya Bure ya New Orleans?

Mardi Gras, kanivali ya New Orleans inayofikia kilele Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, haina tiketi. Mgeni anayefika New Orleans, kusini mwa Marekani, katika wiki mbili zinazotangulia Jumatano ya Majivu, anaweza kusimama St. Charles Avenue tangu asubuhi hadi usiku, akapitiwa na majukwaa ya ghorofa mbili yanayovutwa barabarani, bendi za shule, wapanda farasi na wabeba mienge, asiulizwe hata senti moja. Tena yeye ndiye anayepewa. Atarushiwa shanga, vikombe vya plastiki, sarafu za alumini na wanasesere, na siku ya Jumanne yenyewe, akiwa na bahati, atakabidhiwa nazi iliyopakwa rangi na mwanachama wa klabu ya Zulu.

Mji wenye wakazi wasiofika laki nne hupokea wageni wengi kuliko wakazi wake, ukawalisha, ukawalaza, ukawachezesha, na kufikia Jumatano asubuhi mitaa imefagiliwa. Nani anafanya kazi hiyo, na malipo yake yanatoka wapi? Majibu ni mengi na kila jibu lina sheria yake na historia yake. Nianze na wale wanaoonekana.

Wenye gwaride

Magwaride ya Mardi Gras si ya manispaa. Huandaliwa na vyama binafsi viitwavyo krewe. Comus kilitangulia mwaka 1857, Rex kikafuata mwaka 1872, na leo viko kwa makumi. Mwanachama hulipa ada ya mwaka, hununua vazi lake, na hununua kwa fedha yake kila kitu atakachowarushia watazamaji. Manispaa hairuhusu makampuni kutangaza biashara ndani ya magwaride, kwa hiyo hutaona jukwaa la bia wala la kampuni ya simu. Wenye krewe husema kwamba wao ndio wanaoupa mji zawadi, na kwa kiasi fulani wanasema kweli.

Lakini ada ya mwanachama inanunua kile kinachopita barabarani. Polisi wanaolinda njia, magari ya wagonjwa yanayosubiri kwenye kona, malori yanayozoa kilichodondoka na mtu anayetandika kitanda cha mgeni hawamo katika hesabu hiyo.

Halafu kuna suala la nani alikuwa mwanachama. Kwa zaidi ya miaka mia moja krewe za zamani zilikuwa za wanaume Wazungu wenye nazo. Mwishoni mwa mwaka 1991 diwani Dorothy Mae Taylor, mwanamke Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika baraza la mji, alipeleka sheria ndogo ya kuwanyima kibali cha barabara wanaobagua wanachama. Comus, Momus na Proteus waliona heri waache kutembea kuliko kufungua daftari lao. Proteus walirudi mwaka 2000. Wale wawili hadi leo hufanya dansi zao ndani, milango imefungwa.

Hii haina maana kwamba watu Weusi hawakuwamo katika magwaride ya Comus. Walikuwamo tangu siku ya kwanza, wameshika moto. Kabla ya taa za umeme gwaride la usiku liliangaziwa na mienge, na walioibeba walikuwa watumwa na watu Weusi walio huru. Kazi hiyo ingali ipo. Wabeba mienge hutembea kati ya majukwaa na chuma kizito chenye mafuta yanayowaka juu ya vichwa vyao, wakizunguka na kucheza, na watazamaji huwarushia sarafu na noti. Krewe huwalipa kitu, lakini kilichozoeleka ni kwamba kinachojaza mfuko ni hiyo bakshishi. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa fedheha iliyopaswa kukoma, na zipo familia zinazolirithishana kwa fahari. Pande zote mbili nazielewa, ila inafaa kukumbuka kwamba mpango wa kumwachia mtazamaji jukumu la kumlipa mfanyakazi ulianza zamani sana, na tutaukuta tena baa.

Hata wanyama wa gwaride walikuwa wa mkopo. Hadi katikati ya karne ya 20 majukwaa yalivutwa na nyumbu, na wengi wao siku za kawaida walivuta mikokoteni ya taka ya mji. Walifunikwa shuka nyeupe, wakapita mbele ya watu, kisha wakarudi kazini kwao.

Wanaolitengeneza

Majukwaa hujengwa ndani ya mabohari makubwa yanayotunzwa kwa siri hadi siku ya kutoka. Jina kubwa hapa ni Blaine Kern, aliyeanzisha karakana yake mwaka 1947 na kufariki mwaka 2020. Karakana za namna hii hazina msimu. Jumanne ikipita, vichwa vya majitu na maua ya karatasi huanza kubanduliwa, na michoro ya mwaka ujao inaingia mezani. Sanamu huchongwa katika povu gumu, hubandikwa karatasi na gundi tabaka kwa tabaka, hukaushwa, hupakwa rangi nyeupe, na ndipo wachoraji huanza. Maua yale yanayotikisika ukingoni mwa majukwaa ya Rex na Proteus hukatwa na kupakwa rangi kwa mkono, moja moja.

Mwaka 2021 ulitoa jaribio ambalo hakuna mtafiti angeweza kulipanga. Kwa sababu ya Uviko, magwaride yalifutwa, na mafundi wa majukwaa wakabaki bila kazi. Wakazi wakaja na wazo la kuzipamba nyumba zao kama majukwaa, na krewe moja ndogo iitwayo Red Beans ikachangisha fedha za kuwaajiri wachoraji na wachongaji waifanye kazi hiyo. Maelfu ya nyumba yakapambwa. Kwa mara ya kwanza watu wengi walimwona fundi akiwa juu ya ngazi mchana kweupe, mbele ya mlango wa jirani, na wakajua kazi yake inauzwa shilingi ngapi. Miaka mingine jukwaa hutoka bohari likiwa tayari, na mtazamaji hana sababu ya kuuliza.

Bendi za shule nazo ni kazi, ingawa wanaoifanya ni watoto. Krewe huzilipa shule ada, na ada hiyo hununua vyombo na sare ambazo bajeti za shule haziwezi. Mpiga tuba wa miaka 15 hutembea kilomita kadhaa na chombo begani, pengine magwaride matatu kwa wiki, huku wazazi wakitembea pembeni na maji na kamba ya kuzuia umati. Mwaka 1967 bendi ya St. Augustine, shule ya Kikatoliki ya wavulana Weusi, ilikuwa bendi ya kwanza ya Weusi kutembea katika gwaride la Rex. Njiani walirushiwa matusi na chupa. Mwalimu wao, Edwin Hampton, alikuwa amewafundisha wasivunje mstari, na hawakuuvunja.

Safari ya shanga

Shanga za mwanzo zilikuwa za kioo, nyingi kutoka Chekoslovakia. Kioo kilipoacha nafasi kwa plastiki, kazi ilihamia Asia Mashariki na hatimaye Uchina. Filamu ya uchunguzi ya mwaka 2005 iliwapeleka watazamaji ndani ya kiwanda kimoja cha Fuzhou, ambako wafanyakazi wengi walikuwa wasichana wanaolala kwenye mabweni ndani ya uzio wa kiwanda, wakilipwa kwa kuhesabiwa walichotengeneza. Walipoonyeshwa picha za kinachofanywa na shanga hizo Bourbon Street, mtaa wa baa wa New Orleans, walicheka kwa mshangao. Watu wazima wanavua nguo kwa ajili ya hiki?

Shanga huishi shingoni kwa saa chache. Zinazobaki huning'inia kwenye miti ya mialoni na nyaya za umeme, au hudondoka na kusukumwa na maji hadi kwenye mifereji. New Orleans sehemu kubwa iko chini ya usawa wa bahari. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kwenda mpaka yavutwe na pampu, na mfereji ulioziba ni nyumba iliyofurika. Mwezi Agosti 2017 mji ulifurika vibaya. Manispaa ikatoa fedha za kuzibua mifereji, na mwanzoni mwa mwaka 2018 ikatangaza kwamba katika kipande cha mitaa mitano tu cha St. Charles Avenue wafanyakazi walitoa shanga zenye uzito wa ratili 93,000, yaani karibu tani 42. Tangu hapo, kabla ya magwaride, mitego huwekwa kwenye midomo ya mifereji.

Kuna shirika liitwalo Arc ambalo huwaajiri watu wenye ulemavu wa akili kuchambua shanga zilizorudishwa, kuzipanga kwa rangi na ukubwa, na kuziuza tena kwa wanachama wa krewe. Mkufu mmoja unaweza kurushwa, kudakwa, kuchambuliwa na kurushwa tena mwaka ujao. Kazi hiyo ni ya mikono mitupu mezani, gunia baada ya gunia.

Nyuma ya gari la mwisho

Ukitaka kuiona kazi yenyewe kwa macho, usiondoke jukwaa la mwisho likipita. Likishapita, hazipiti dakika nyingi. Kwanza wanatokea watu waliovaa fulana za kuakisi mwanga, wenye reki na mashine za kupuliza, wakisukuma kila kitu kutoka pembezoni na kutoka ukanda wa katikati kuelekea barabarani: shanga, mifupa ya kuku, viti vilivyovunjika, mifuko, makopo. Nyuma yao yanafuata matingatinga madogo yanayokusanya marundo, kisha malori ya kushindilia, kisha mashine za kufagia, na mwisho malori ya maji. Watazamaji wanaochelewa kuondoka husukumwa nayo taratibu, kama vile usafi nao ni gwaride. Bourbon Street usiku wa manane wa Jumanne, polisi wenye farasi hupita kutangaza kwamba sherehe imekwisha, na wafagiaji hufuata. Eneo lile kongwe la mji, French Quarter, lilianza kunyunyiziwa dawa yenye harufu ya ndimu baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, na ukiamka mapema utaisikia ikipambana na harufu nyingine.

Taka zinazozolewa katika msimu mzima hupita tani 1,000. Kwa miaka mingi wakuu wa mji walitumia uzito huo kupima mafanikio: taka zikiongezeka, sherehe ilifana. Sijui kipimo kingine cha furaha ambacho kinamwongezea mtu mzigo kwa kiwango kilekile.

Mzigo huo ni wa nani? Kuzoa taka za majumbani New Orleans hufanywa na makampuni yenye mkataba na manispaa, na wanaoning'inia nyuma ya malori walikuwa wakipatikana kupitia wakala wa vibarua. Ngazi hizo tatu ndizo zinazowafanya wapotee: manispaa inasema si waajiriwa wake, mwenye mkataba anasema ni wa wakala, wakala anasema analipa kulingana na mkataba. Mwezi Mei 2020, katikati ya Uviko, kundi la wazoa taka liligoma. Walikuwa wakilipwa dola 10.25 kwa saa. Walidai dola 15, malipo ya hatari, barakoa na glavu za kutosha. Nafasi zao zilijazwa kwa muda na wafungwa waliokuwa kwenye mpango wa kufanya kazi nje ya gereza.

Mabango ya wagomaji yalikuwa na maneno manne ya Kiingereza yanayosema tu kwamba mimi ni mtu. Hawakuyabuni. Ni mabango ya Memphis, Tennessee, mji mwingine wa Kusini unaouza muziki kwa wageni, ambako wazoa taka 1,300 waligoma mwaka 1968 baada ya wenzao wawili kusagwa na mashine ya lori walipokuwa wamejikinga mvua. Martin Luther King aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili mwaka huo, alipokuwa amekwenda kuwaunga mkono.

Namba 2.13

Sasa tuingie ndani, kwenye baa na migahawa, kwa sababu huko ndiko kazi nyingi iliko mwaka mzima.

Louisiana haina kima cha chini cha mshahara cha jimbo. Kinachotumika ni cha taifa, dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijabadilika tangu mwaka 2009. Lakini kwa mfanyakazi anayepokea bakshishi, mwajiri anaruhusiwa kulipa dola 2.13 tu, na kima hicho hakijaguswa tangu mwaka 1991. Namba hiyo ya ajabu imetoka wapi? Sheria ya kima cha chini ya mwaka 1938 iliwaacha nje wafanyakazi wengi wa hoteli na migahawa. Walipoingizwa mwaka 1966, waajiri walipewa nafuu: bakshishi ya mteja ihesabiwe kama nusu ya mshahara. Kima cha kawaida kilipofika dola 4.25 mwaka 1991, nusu yake ikawa dola 2.125, ikapandishwa kidogo hadi 2.13. Mwaka 1996 Bunge la Marekani likakata uzi uliounganisha namba hizo mbili. Kima cha kawaida kimepanda mara kadhaa tangu wakati huo, 2.13 imebaki palepale.

Saa nane kwa kima hicho ni dola 17.04. Kisheria, bakshishi isipotosha kufikisha dola 7.25 kwa saa, mwajiri ajazie. Kwa vitendo, mhudumu ndiye anayepaswa kuhesabu na kudai, mbele ya meneja yuleyule anayempangia zamu. Kodi hukatwa kutoka kwenye hizo dola 2.13, na kwa hiyo hundi ya wiki mbili huweza kuja ikiwa karibu tupu. Bakshishi yenyewe haikai kwa aliyeipokea. Sehemu humwendea msaidizi wa baa anayebeba ndoo za barafu na anayeondoa vyombo mezani. Mpishi na mwosha vyombo, walio nyuma ya ukuta, kwa kawaida hulipwa kwa saa na hawaoni bakshishi kabisa.

Wiki ya Mardi Gras mhudumu wa baa anaweza kupata fedha nzuri. Hilo ndilo wenye biashara hulisema kila mjadala unapoanza. Wasichosema ni Agosti. Kuanzia katikati ya mwaka joto hupanda, msimu wa vimbunga unafunguka, wageni hupungua, na mtu anayelipwa na wageni anabaki na viti vitupu. Wanamuziki hali ni hiyohiyo: vilabu vingi vya Frenchmen Street hulipa sehemu ya mauzo ya baa pamoja na ndoo inayopitishwa kwa watu, na anayepuliza tarumbeta Jackson Square anategemea kisanduku kilicho miguuni pake. Mji unaojitangaza kwa jazi ulifikia hatua ya kuhitaji zahanati maalumu ya wanamuziki, iliyoanzishwa mwaka 1998, kwa kuwa wengi hawakuwa na bima ya afya.

Wakazi walijaribu kulibadilisha hili. Mwezi Februari 2002 walipiga kura ya kuweka kima cha mji kiwe dola moja juu ya kile cha taifa. Asilimia 63 walikubali. Wenye hoteli na migahawa wakaenda mahakamani wakishika sheria ya jimbo ya mwaka 1997 inayokataza miji kujiwekea mishahara, na Septemba ya mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Louisiana ikaifuta kura.

Kodi ya kitanda

Mgeni akilala hotelini hulipa kodi nzito juu ya bei ya chumba. Mtu angedhani fedha hiyo hulipa wafagiaji, polisi na pampu. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ilikwenda kwingine: kwenye mamlaka ya jimbo inayomiliki uwanja wa Superdome, kwenye kituo cha mikutano kilicho kando ya mto, na kwenye vyombo vya kuutangaza utalii. Hii haikuwa wizi. Ilikuwa mipango iliyopitishwa na bunge la jimbo, kila mmoja ukiwa na hoja yake, na jumla yake ikawa kwamba utalii unautangaza utalii huku mji ukihangaika na mabomba ya zamani. Mwaka 2019 Meya LaToya Cantrell alifikia makubaliano na jimbo na sekta ya utalii yaliyouletea mji dola milioni 50 za mkupuo na mgao wa kila mwaka kwa ajili ya maji na mifereji. Wenye hoteli hawakufurahi, ila waliafiki.

Mwaka huohuo, tarehe 12 Oktoba, hoteli ya ghorofa 18 iliyokuwa ikijengwa kwenye kona ya Canal Street na Rampart, ukingoni mwa eneo kongwe la watalii, iliporomoka. Wafanyakazi watatu walikufa na makumi wakajeruhiwa. Miili ya wawili ilishindikana kutolewa, na jengo likaachwa limeinama hivyo. Mwezi Januari 2020 turubai lililofunika mabaki ya mmoja lilipeperushwa na upepo, na wapita njia wakapiga picha. Mwezi uliofuata Mardi Gras ilifanyika. Magwaride yalipangiwa njia mpya ili yaikwepe kona hiyo. Miili ilitolewa Agosti.

Mjenzi mmoja kutoka Honduras, aliyekuwa ameishi Marekani kwa miaka karibu 18 na aliyekuwa amelalamikia hatari za jengo hilo, alikamatwa na maafisa wa uhamiaji siku mbili baada ya ajali na akafukuzwa nchini mwishoni mwa Novemba, uchunguzi ukiwa haujakamilika. Wanasheria wake walisema alikuwa shahidi. Wahamiaji wa Amerika ya Kati ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya kuujenga upya mji baada ya Katrina. Wakati huohuo kampuni moja ya mahoteli iliwaleta wafanyakazi wa mkataba kutoka Peru, Bolivia na Jamhuri ya Dominika, ambao kila mmoja alikuwa amewalipa mawakala maelfu ya dola ili apate kazi. Walipofika wakakuta saa za kazi chache kuliko walivyoahidiwa. Walishtaki mwaka 2006, kesi ikapanda ngazi, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikasema mwajiri hakuwajibika kuwarudishia gharama hizo.

Kazi isiyo na mwajiri

Kuna tabaka moja ambalo hesabu za mishahara haziligusi kabisa, nalo ndilo lenye thamani kubwa zaidi katika matangazo ya mji.

Wahindi wa Mardi Gras ni watu Weusi wa mitaa ya kawaida ambao kila mwaka hushona vazi jipya la manyoya na shanga kwa heshima ya wenyeji asilia wa bara lile, ambao kwa masimulizi yao waliwahifadhi watumwa waliotoroka. Hakuna anayewalipa. Kipande kimoja cha kifuani chenye picha ya shanga huchukua miezi, sindano kwa sindano, usiku baada ya kazi. Vazi zima huweza kugharimu maelfu ya dola na kuzidi uzito wa mtoto wa shule. Allison Montana, aliyejulikana kama Tootie, alikuwa fundi ujenzi na chifu kwa zaidi ya miaka 50; yeye ndiye anayesifiwa kwa kugeuza mashindano ya mapigano kuwa mashindano ya ushonaji. Tarehe 27 Juni 2005, akiwa na miaka 82, alisimama mbele ya baraza la mji kueleza jinsi polisi walivyowatendea Wahindi kwa miaka mingi. Alianguka palepale kwenye kipaza sauti na kufariki.

Picha za mavazi hayo hupamba mabango, kalenda na majarida, na aliyeshona hapati kitu. Sheria ya hakimiliki ya Marekani hailindi nguo, kwa kuwa nguo ni chombo cha matumizi. Baadhi ya machifu, wakisaidiwa na wanasheria, wamezunguka kizuizi hicho kwa kusajili mavazi yao kama sanamu.

Halafu kuna vilabu vya misaada na starehe, kama Zulu, ambavyo Jumapili nyingi za mwaka hutembeza bendi ya matarumbeta mtaani huku watu wakicheza nyuma yake. Anayechangia chama cha kufa na kuzikana ataelewa haraka vilikotoka: wakati bima haikuuzwa kwa watu Weusi, wanachama walichanga kila mwezi ili mgonjwa apate daktari na maiti ipate jeneza, pamoja na bendi ya kuisindikiza. Starehe ilikuwa ziada ya msaada. Leo klabu hulipa bendi, sare, na pia manispaa, kwa ajili ya ulinzi wa polisi. Baada ya tukio la risasi mwezi Januari 2006, ada ya polisi ilipandishwa hadi zaidi ya dola 4,000 kwa gwaride moja, wakati ambapo wengi wa wanachama walikuwa bado wametawanyika baada ya Katrina. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2007 ada ikashushwa kwa maafikiano. Mtalii anayefuata bendi ile bure amealikwa na mtu aliyelipa.

Mtaa wenyewe nao unapungua. Mialoni ya Claiborne Avenue, ambako familia za Weusi zilifanyia Mardi Gras yao, ilikatwa mwaka 1966 ili barabara kuu ya juu ipite. Mwishoni mwa mwaka 2007 baraza liliidhinisha kubomolewa kwa makazi manne makubwa ya umma. Nyumba za mitaa ya Tremé na Marigny zikageuzwa vyumba vya kupangisha wageni kwa usiku. Anayepika mjini analala ng'ambo ya mto au mashariki ya mbali, na zamu yake inakwisha wakati mabasi ni machache.

Polisi walipogoma

Kuna mwaka mmoja ambao kazi iliyofichika ilijitokeza yenyewe. Februari 1979 polisi wa New Orleans waligoma, wakijua wiki ya sherehe ndiyo silaha yao. Meya Ernest Morial, Mweusi wa kwanza kushika kiti hicho, hakulegeza. Wakuu wa krewe wakasimama upande wake, wakafuta magwaride ya mjini kuliko kuyafanya chambo, na askari wa Ulinzi wa Taifa wakaletwa mitaani. Mgomo ukavunjika. Polisi walishindwa, lakini kila mtu alijua tangu siku hiyo kwamba bila wao hakuna jukwaa linalotoka bohari. Mwaka 2022, polisi walipopungua kwa kuacha kazi, manispaa ilifupisha njia za magwaride. Mwaka uliofuata ikawaleta maafisa kutoka wilaya nyingine na kuwalipa, na njia zikarudi kama zamani.

Kwa wengine mambo huenda polepole zaidi. Novemba 2024 wapiga kura wa New Orleans waliulizwa kama katiba ya mji iwekwe orodha ya haki za wafanyakazi: mshahara wa kuishi, huduma ya afya, likizo yenye malipo, haki ya kujiunga na chama. Walikubali kwa wingi mkubwa. Kwa kuwa sheria ya jimbo ya mwaka 1997 ingali inafanya kazi, orodha hiyo haimlazimishi mwajiri binafsi chochote. Manispaa inaweza kumhimiza tu. Mhudumu wa baa Bourbon Street bado anaanzia dola 2.13.